Chumba cha mbali hakisomi: kufunga nyaya za vihisi vya joto na unyevu nyumbani

SWALI: Nyumba yangu ina vyumba sita. Nimepitisha kebo za mtandao za Cat5e kutoka kabati moja la koridoni hadi kila chumba, kila kebo ndani ya paipu lake. Nina bodi moja ya ESP32, kompyuta ndogo yenye Wi-Fi, na vihisi sita vya joto na unyevu vya DHT22, vile vyeupe vya miguu minne. Mezani vyote vilisoma vizuri. Baada ya kuvifunga, vyumba vya karibu vinasoma, chumba chenye kebo ya mita 9 kinasoma na kukatika, na cha mwisho, mita 18, karibu kila mara kinatoa kosa. Fundi umeme ameniambia umeme unapungua njiani, nipandishe hadi volti 12. Hicho cha mwisho ndicho kinachoota kuvu ukutani, kwa hiyo ndicho ninachokihitaji zaidi. Nifanyeje?

JIBU: Kabla ya lolote, usipeleke volti 12 kwenye DHT22. Kihisi hicho kinataka volti 3.3 hadi 6 basi. Ukikipa 12 kinaungua, na kikiungua vibaya kinaweza kupitisha volti hizo kwenye waya wa data hadi kwenye ESP32, ambayo pini zake zimetengenezwa kwa volti 3.3 tu. Utapoteza vyote viwili kwa mkupuo mmoja.

Wazo la fundi wako lina mantiki kwa taa au mota, vitu vinavyokula mkondo mkubwa. Kihisi chako si mlaji wa namna hiyo. Waya mmoja wa Cat5e wa kawaida una ukinzani wa takribani omu 0.084 kwa mita. Kwenda na kurudi mita 18 ni mita 36, yaani omu 3 hivi. DHT22 inapopima hula miliampea 1.5. Zidisha: unapoteza milivolti nne na nusu. Hata mita yako ya kupimia umeme itasumbuka kuiona tofauti hiyo. Ukitaka kujiridhisha, pima volti kwenye miguu ya kihisi kule chumbani huku mfumo unafanya kazi. Utakuta karibu zile zile zilizotoka kabatini.

Kinachokufa njiani ni mawimbi ya data. DHT22 huzungumza kwa waya mmoja, na lugha yake ni ya muda. Kila tarakimu huanza kwa laini kushuka mikrosekunde 50, kisha kupanda. Ikikaa juu mikrosekunde 26 hadi 28, hiyo ni sifuri. Ikikaa juu kama 70, hiyo ni moja. Tarakimu ziko 40 katika kila ujumbe: 16 za unyevu, 16 za joto, na 8 za kuhakiki kwamba hakuna kilichoharibika. Ikikosewa moja tu, ujumbe wote unatupwa, nawe unaona kosa.

Sasa, kihisi hakisukumi laini ipande. Kazi yake ni kuishusha na kuiachia. Kinachoipandisha ni rezista inayounganisha waya wa data na chanya, tuiite rezista ya kuvuta. Vile vihisi vilivyokwisha kubandikwa kwenye kibao kidogo chenye pini tatu kwa kawaida huja nayo. Vya miguu minne kama vyako vinakuja bila kitu. Hukutaja rezista yoyote katika swali lako, na hilo ndilo lililonistua. Programu nyingi za DHT huwasha rezista iliyomo ndani ya ESP32 yenyewe, ambayo ni dhaifu, takribani kiloomu 45, na ndiyo maana mezani ulifaulu bila kujua kwamba kuna kitu hakipo.

Kebo nayo hubeba chaji. Cat5e ina kapasitansi, yaani uwezo wa kushika chaji, ya pikofaradi 50 hivi kwa kila mita, na kila laini inapotaka kupanda lazima chaji hiyo ijazwe kwanza kupitia rezista. Mezani ulikuwa na kikombe. Sasa una mtungi, lakini kata ya kuchotea imebaki ile ile. Kwa mita 18 una pikofaradi 900. Zidisha kwa kiloomu 45 unapata mikrosekunde 40, na ESP32 haihesabu laini kuwa imepanda kwa uhakika mpaka ifike robo tatu ya volti zake, jambo linalochukua mara 1.4 ya muda huo, yaani kama mikrosekunde 56. Ile sifuri ya mikrosekunde 26 inashuka kabla haijafika hata nusu ya safari. Bodi yako haioni sifuri kabisa.

Rudia hesabu hiyo kwa mita 9: inatoka mikrosekunde 28, pembeni kabisa mwa mpaka. Ndicho chumba chako kinachosoma na kukatika. Kwa mita 4 au 5 inatoka chini ya 16, na vyumba vya karibu vinapona. Dalili zote tatu ulizoandika zinaelezwa na rezista moja isiyokuwepo. Mara chache hesabu huangukia mahali pake namna hii, kwa hiyo ningeanza hapo kabla ya kununua chochote kipya.

Tafuta rezista za kiloomu 4.7, moja kwa kila kihisi. Funga kati ya waya wa data na chanya ya volti 3.3, kule kule kabatini kwenye ESP32. Muda wa kupanda kwa mita 18 utashuka hadi mikrosekunde 6 hivi, na sifuri itaonekana ilivyo. Usiivute data kwenye volti 5 kwa kudhani nguvu zaidi ni bora. Pini za ESP32 hazijaahidiwa kuvumilia hilo. Usishuke pia chini ya kiloomu 2.2, maana sasa kihisi ndicho kitakachohangaika kuivuta laini chini. Kule chumbani, ongeza kapasita (kipande kinachotunza chaji) ya nanofaradi 100 kati ya chanya na hasi, karibu na miguu ya kihisi kadiri unavyoweza. Ni kitu kidogo sana, lakini mtu akiiacha kwenye kebo ndefu anakuja kulalamika kuhusu makosa yanayotokea friji inapowaka.

Mpangilio wa nyaya ndani ya kebo nao una neno. Jozi za Cat5e zimesokotwa kwa sababu: waya na mwenzake hupokea kelele za umeme sawasawa. Kwa hiyo weka data na hasi katika jozi moja, kwa mfano jozi ya machungwa iwe data na hasi, jozi ya buluu iwe chanya na hasi. Wapo wanaoweka data kwenye machungwa na hasi kwenye kahawia kwa sababu rangi zinapendeza hivyo. Wanautupa msokoto wote bure. Na kama siku moja utapitisha I2C, njia nyingine ya vihisi kuzungumza na bodi, usiweke nyaya zake mbili, ya data na ya saa, katika jozi moja, zitaambukizana.

Hakikisha pia umechagua pini zinazofaa. Katika ESP32 ya kawaida, pini 34 hadi 39 ni za kupokea tu, wakati DHT22 inahitaji bodi nayo ishushe laini ili kuanzisha mazungumzo, kwa hiyo hapo haitasoma milele. Pini 6 hadi 11 zimeshikwa na kumbukumbu ya ndani. Pini 0, 2, 12 na 15 husomwa bodi inapowaka, na ukiivuta 12 juu bodi inaweza kugoma kuwaka. Zilizobaki zinatosha.

Nikiwa mkweli, hata baada ya rezista nisingeiacha DHT22 kwenye mita 18 kama jibu la kudumu. Itasoma. Lakini ishara hii ilibuniwa kwa masafa mafupi, na katika kebo ndefu kila kelele ya mota au swichi inaipata. Kuna watu watakaokushauri uhamie vihisi vya I2C kama SHT31 au BME280. Kwa upimaji ni bora: SHT31 inakupa unyevu kwa asilimia 2 na joto kwa nyuzi 0.2 hivi. Kwa waya mrefu ni balaa zaidi. I2C ilitengenezwa kwa vipande vinavyokaa kwenye bodi moja, na kikomo chake rasmi ni pikofaradi 400 kwa laini nzima, yaani mita 8 za kebo yako kabla hujahesabu kihisi chenyewe. Mimi huitumia chini ya mita moja, nikilazimika sana mbili.

Palipo na mbali, badilisha lugha inayosafiri kwenye waya. Una njia mbili zenye akili.

Ya kwanza ni kuweka bodi ndogo yenye Wi-Fi chumbani humo, kihisi kikiwa sentimita chache kutoka kwake, na kebo ibebe umeme peke yake. Hapa ndipo onyo la fundi wako linapopata kazi: ESP32 inapotuma kwa Wi-Fi huweza kuvuta miliampea 300 na zaidi kwa vipindi vifupi, na kwenye omu 3 hizo ni karibu volti nzima. Ukiwa umetuma volti 5, inafika 4, na bodi itajizima na kuwaka upya bila kukuambia kwa nini. Tumia nyaya mbili kwa chanya na mbili kwa hasi, ukinzani unapungua nusu, na weka kapasita ya mikrofaradi 470 pale mwisho. Au tuma volti 12 na uishushe kuwa 5 kwa kibao cha kushushia volti kilichoko chumbani. Volti 12 ni sawa kabisa njiani. Kosa ni kuzifikisha kwa kihisi.

Ya pili, na ndiyo ningeichagua kwa nyumba ambayo tayari ina paipu na kebo kila chumba, ni RS485. Hii hutuma data kwa nyaya mbili zinazopingana, moja ikipanda nyingine inashuka, na mpokeaji husoma tofauti yao. Kelele ikiingia inaingia kwenye zote mbili na kufutika. Kwa kasi ndogo hufika mita 1200, kwa hiyo mita 18 kwake si kitu. Vipo vihisi vya joto na unyevu vinavyotoka kiwandani na RS485, vikizungumza Modbus, lugha ya vifaa vya viwandani ambamo kila kifaa kina anwani yake, na vingi hupokea volti 12 moja kwa moja. Soma karatasi ya kihisi kwanza. Upande wa ESP32 unahitaji kipande cha kutafsiri. Nunua aina ya volti 3.3, kama MAX3485. MAX485 iliyozoeleka ni ya volti 5, na itairudishia ESP32 yako volti 5 kwenye pini ya kupokea.

RS485 inapenda mnyororo: kihisi kimoja, kisha kingine, kisha kingine, na rezista ya omu 120 kwenye ncha mbili tu. Wewe kebo zako zimetawanyika kutoka kabatini kama nyota. Bahati nzuri Cat5e ina jozi nne. Peleka data kwa jozi ya machungwa, irudishe kabatini kwa jozi ya kijani, na kabatini uunganishe kijani ya chumba cha kwanza na machungwa ya chumba cha pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Jozi ya buluu yote iwe chanya, kahawia yote iwe hasi. Umepata mnyororo bila kuchimba ukuta. Kwa kasi ya tarakimu 9600 kwa sekunde na kebo fupi kama zako, hata nyota ingevumilika, kwa sababu kila tarakimu inadumu mikrosekunde 104 wakati mwangwi ndani ya kebo unaisha kwa mikrosekunde chache tu. Lakini kwa kuwa jozi ya kurudia ipo bure, itumie.

Mambo mawili yatakusumbua siku ya kwanza. Vihisi vya Modbus kwa kawaida huja vyote na anwani moja, mara nyingi namba 1. Ukiviunganisha sita kwa pamoja vitajibu kwa wakati mmoja na hutaelewa chochote. Unganisha kimoja kimoja, mpe kila kimoja anwani yake, na uiandike kwa kalamu mgongoni kabla hujakipeleka chumbani. La pili, herufi A na B zilizoandikwa kwenye vifaa hivi hazina uaminifu kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Kikigoma kujibu, geuza nyaya hizo mbili. Hakuna kitakachoungua.

Sasa kuhusu miisho ya kebo. Najua utashawishika kuweka plagi za mtandao za RJ45 kwa sababu kebo ni ya mtandao. Usifanye hivyo. Ipo siku mtu ataichomeka laptopu au ruta yake akidhani ni intaneti, na atakutana na volti 12. Weka konekta za skrubu. Kila laini ya chanya ipitie fyuzi ya miliampea 500 pale kabatini, kwa sababu adapta kubwa ya volti 12 ikipigwa shoti ndani ya paipu itazipasha moto nyaya hizo nyembamba. Na paipu hilo lisiwe na waya wa umeme wa nyumba hata mmoja. Ganda la Cat5e halikutengenezwa kukaa pamoja na umeme huo. Likichubuka, volti za ukutani zinaingia kwenye kihisi unachokigusa kwa kidole. Zikienda sambamba, ziachane angalau sentimita 20 au 30, na zikilazimika kukutana, zikatane msalaba. Kama unawaza kihisi cha nje ya nyumba, hicho kipe betri na Wi-Fi. Waya wa shaba unaotoka nje ni mlango wa radi.

Nirudi kwenye kuvu, maana naona ndiko kulikokuanzisha. Kupima unyevu katikati ya chumba hakutakueleza kwa nini ukuta ule unaota. Unyevu wa uwiano, yaani mvuke uliopo ukilinganishwa na ule ambao hewa ingeweza kubeba, hutegemea joto la pale pale unapopimwa. Chukua chumba chenye nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 65, namba ambazo hazimtishi mtu. Hewa hiyo hiyo ikigusa ukuta wenye nyuzi 20, unyevu wake pale ukutani ni kama asilimia 83. Kuvu haisubiri maji yachuruzike. Ikipata unyevu wa asilimia 80 na kuendelea kwa muda mrefu juu ya rangi au vumbi, inaota. Umande wenyewe ungehitaji ukuta ushuke hadi nyuzi 17, kwa hiyo utapapasa, utakuta pakavu, utabaki unashangaa.

Kwa hiyo chumba hicho kinahitaji kipimo cha pili: joto la uso wa ukuta. Hapo tumia DS18B20, kinachopima joto tu, kwa usahihi wa nusu nyuzi. Kibandike ukutani kwenye doa lenyewe, kifunike kwa kipande kidogo cha sponji upande wa chumbani ili kisome ukuta badala ya hewa. Nacho kinataka rezista ya kiloomu 4.7, na hupatana na kebo ndefu kuliko DHT22, mradi kebo iwe mstari mmoja bila matawi. Kila kimoja kina namba yake ya kipekee ya tarakimu 64, hivyo unaweza kuweka kadhaa kwenye waya mmoja na kulinganisha pembe za chumba. Kwenye programu, hesabu unyevu wa ukutani kila mara: chukua unyevu wa hewa, zidisha kwa mvuke ambao hewa ingeweza kubeba kwa joto la chumba, gawa kwa ule ambao ingebeba kwa joto la ukuta. Fomula ya Magnus, inayokadiria mvuke ambao hewa inaweza kubeba kwa kila joto, inatosha kwa kazi hii. Ukiona ukuta unapita 80 kila alfajiri na kushuka mchana, tatizo lako ni ukuta baridi na hewa isiyozunguka. Ukiona ukuta una joto sawa na chumba, unyevu wake haufiki 80, na bado unaota, huenda maji yanatoka ndani ya ukuta: bomba au paa.

Mahali pa vihisi vya hewa pana uzito kuliko aina yake. Kosa la nyuzi moja kwenye joto, hewa ikiwa nyuzi 25 na unyevu 60, linageuka kosa la pointi tatu au nne za unyevu. Weka kama mita moja na nusu kutoka sakafuni, ukuta wa ndani, mbali na jua la dirishani, televisheni na nyuma ya friji. Usikiweke kihisi juu ya bodi yoyote yenye Wi-Fi, kwa sababu joto la bodi linapanda. Kikae chini yake au pembeni. Na ziba tundu ambalo kebo inatokea. Paipu linaloanzia juu ya dari hupuliza hewa ya dari moja kwa moja mgongoni mwa kihisi, na mtu anaweza kukaa mwaka mzima akisoma joto la dari akidhani ni la sebule. Silikoni kidogo au hata plastisini inatosha.

Kabla ya kuvipeleka vyumbani, vilinganishe. Chukua chupa pana yenye kifuniko kinachobana, weka chumvi ya mezani chini, ongeza maji kidogo tu iwe kama uji mzito, siyo supu. Ning'iniza vihisi vyote sita juu yake visiguse chumvi, funga, acha usiku kucha mahali ambapo joto halibadiliki. Hewa ndani itatulia kwenye asilimia 75. Andika kila kihisi kimepotoka kiasi gani na uweke marekebisho hayo kwenye programu. DHT22 huweza kutofautiana kwa pointi kadhaa zikiwa zimetoka boksi moja, na bila kipimo hiki utakuwa unalinganisha makosa ya vihisi na kuyaita tofauti ya vyumba. Kama chumba kimepakwa rangi mpya, subiri harufu iishe kwanza: mvuke wa rangi na viyeyushi huingia kwenye utando wa kihisi na kuupotosha.

Kurekodi mara moja kwa dakika kunatosha kabisa. Joto la chumba halibadiliki kwa sekunde, na DHT22 yenyewe haitaki kuulizwa zaidi ya mara moja kila sekunde mbili. Kipimo kikikosekana, acha nafasi tupu. Usiandike sifuri, na usirudie namba ya mwisho, la sivyo grafu itakuonyesha utulivu ambao haupo. Kwenye DS18B20 kuna namba mbili za kukataa moja kwa moja: nyuzi 85 kamili, ambayo huitoa kinapowaka kabla hakijapima, na hasi 127, ambayo programu iliyozoeleka huandika pale waya unapokatika. Hesabu pia makosa ya kila chumba kwa siku. Chumba kilichokuwa na makosa mawili kwa siku na sasa kina arobaini kina skrubu iliyolegea, na utaikuta upande wa chumbani, ambako watu hupita na kugusa.